Waliyemwita Si Kitu

Majani ya nje ya kabichi, yale ambayo wauzaji wa soko la Muthurwa huyabandua na kuyatupa chini ili kichwa kionekane kisafi, yana harufu yake yakishapigwa na jua na kukanyagwa na watu. Wengi hupita hapo wameziba pua. Mimi hupunguza mwendo. Juzi nilisimama kabisa, mfuko wa vitunguu mkononi, hadi mama mmoja muuzaji akaniuliza, "Kastoma, umepoteza kitu?"

Kwangu ile ni harufu ya kifua cha mama yangu, katika majuma yale aliporudi kutoka hospitali ya kujifungulia, maziwa yakamjia, na hakukuwa na wa kuyanyonya. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyeyaleta majani. Aliyaponda kidogo kwa chupa ili yalainike, akampangia mama kifuani na kumfunga kwa leso, akisema yatayakausha maziwa. Kila jioni aliyatoa yakiwa yamenyauka, yamekuwa na joto la mwili wa mama, akayatia kwenye ndoo ya takataka karibu na mahali nilipolala. Nililala na harufu hiyo. Wenzangu mliolelewa kwenye nyumba za kaunsili ya jiji mnajua jinsi chumba kimoja kisivyoweza kuficha harufu, wala kilio, wala neno.

Tulikaa mtaa wa Shauri Moyo, Nairobi. Chumba chetu kiligawanywa kwa pazia la maua: upande wa dirisha kitanda cha wazazi, upande wa mlango mimi, meza, na jiko la mafuta ya taa. Baba alikuwa mchongaji. Alifanya kazi kwenye kibanda karibu na soko la Gikomba pamoja na wanaume wengine waliotoka Ukambani kama yeye, wakichonga ndovu, twiga na tumbili wa kuuziwa watalii. Jioni alirudi na vumbi la mti kwenye nyusi, akionekana mzee hadi anawe uso. Mama alishona nguo kwa cherehani aliyoiweka nje ya mlango mchana na kuiingiza ndani jua likitua. Nilikuwa mtoto wao wa pekee, na nilikuwa na umri ule wa kung'oka meno ya mbele.

Miezi ile ya mwisho ya mimba yake, mama aliniruhusu nilaze shavu kwenye tumbo lake akiwa ameketi kwenye cherehani. Nilikuwa nikisikiliza. Siku moja nikapigwa teke sikioni, teke la kweli, nikaruka kando nikishika sikio huku mama akicheka hadi mkasi ukamponyoka.

"Anakwambia umemzuia njia," alisema.

Asubuhi alipoondoka kwenda hospitalini alibeba beseni la plastiki lenye leso mbili na kipande cha sabuni. Baba alimshika kiwiko. Mama aligeuka mlangoni akaniambia, "Nikirudi tutakuwa wengi."

Alikaa huko siku kadhaa. Shangazi akaja kutoka Machakos kunitunza, na siku moja kabla ya mama kurudi nilimwona akikusanya vitu. Nepi ambazo mama alikuwa amezishona kutoka kwa shuka kuukuu za mtumba, kofia ya sufi, blanketi dogo la manjano, vyote vikaingia kwenye gunia. Alifagia hata chini ya kitanda. Nilipomuuliza anapeleka wapi nguo za mtoto, akasema bila kunitazama, "Nguo gani?"

Mama aliingia mchana. Alikuwa na lile beseni, na leso zimekunjwa ndani yake. Nilichungulia nyuma yake, kisha nyuma ya baba. Nikatoka hadi barazani nikaangalia huku na huku, kwa maana nilifikiri labda wamemwacha kwa jirani apumzike. Kina mama wa mtaa walikuwa wameanza kuingia, mmoja mmoja, na kila mmoja alimshika mama mkono na kusema maneno yaleyale.

"Pole, Mama Ndunge. Si kitu. Mungu atakupa mwingine."

Si kitu. Ninyi mnajua maana yake; ni namna ya kumwambia mtu ajikaze, asivunjike moyo. Mimi nilikuwa mtoto, na nilisikia maneno jinsi yalivyosemwa. Walikuwa wanamwambia mama kwamba aliyekuwa tumboni hakuwa kitu. Wote walikubaliana. Nikamvuta shangazi upindo wa gauni.

"Shangazi, mtoto yuko wapi?"

"Hakuna mtoto."

"Yule wa tumboni."

"Ndunge, sikiliza. Hakukuwa na mtoto. Hakukuwa na kitu. Na usimuulize mama yako maneno hayo, umenisikia?"

Nilimsikia, na niliamini, kwa kuwa shangazi hakuwa mtu wa kudanganya. Ila sikio langu lilikuwa na ushahidi wake. Kitu kilinipiga teke. Basi kama hakukuwa na kitu, hiyo hakuna-kitu ilikuwa na mguu. Nilitembea na fumbo hilo kichwani siku nyingi, na naweza kusema sijalitua hadi leo.

Nyumba ikawa nzito. Mama alilala akiangalia ukuta. Hakulia mbele yetu, wala hakukasirika. Alikula alichopewa, akaitika alipoitwa, na katikati ya hayo hakuwepo. Cherehani ilikaa ndani na kitambaa juu yake. Baba alianza kuchelewa kurudi, na akirudi alikula haraka na kuniuliza habari za shule kwa sauti ya juu, kama mtu anayezungumza na mtu aliye ng'ambo ya barabara. Wao wawili hawakusemezana ila mambo ya chumvi na maji.

Jumapili moja kwenye shule ya watoto kanisani, mwalimu wetu, msichana mpole aliyeitwa Esta, alitufundisha kuumbwa kwa ulimwengu. Alituambia fundi seremala huhitaji mbao na mshonaji huhitaji kitambaa, lakini Mungu aliumba vyote bila kitu chochote. Nikainua mkono.

"Mwalimu, hiyo si kitu Mungu aliipata wapi?"

Watoto wakacheka. Mwalimu Esta akawanyamazisha.

"Hakuipata popote, Ndunge. Haikuwepo."

"Sasa alianza na nini?"

"Alianza na hakuna."

"Na hiyo hakuna iliisha? Ama ilibaki?"

Mwalimu Esta aliifunga Biblia yake. Kisha akasema, "Tufumbe macho tuombe."

Niliposhindwa kupata jibu nilijitungia langu. Nilifikiri kuna mahali palipobaki hiyo hakuna, ile ambayo Mungu hakuitumia, kama vipande vya mti vilivyorundikana nje ya kibanda cha baba. Huko ndiko alikokuwa mtoto wetu. Na kama dunia yote, pamoja na ndovu wa kweli na reli na kanisa, ilitoka huko, basi mtoto mmoja mdogo angeweza kutoka pia. Ilihitaji tu mtu ajue mlango uko wapi.

Rafiki yangu Zuhra, wa mlango wa pili, alikubali kunisaidia kutafuta. Familia yao ilikuwa ya Kiislamu, ya hapahapa Nairobi tangu babu zao, na baba yake aliuza nguo kwa jumla. Zuhra alienda madrasa kila alasiri na alipenda kubishana. Tuliketi kwenye ngazi na mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia.

"Ndani kuna nini?" nikamuuliza.

"Hakuna kitu."

"Nusa."

Akanusa. "Kuna harufu."

Tukauosha kwa sabuni, tukaukausha. Zuhra akasema sasa kuna hewa, mwalimu wao wa sayansi alisema hewa ni kitu. Tukafumba macho, kulikuwa na giza, na giza ni kitu, kwa sababu tunaliogopa. Tukaziba masikio, kulikuwa na mvumo kama wa maji mbali. Tukachimba shimo nyuma ya mabomba, na Zuhra akasema kwa masikitiko kwamba shimo letu lina mchwa. Kila mahali tulipoangalia palikuwa tayari na kitu.

"Labda haiko," Zuhra akasema. "Hakuna yenyewe labda haiko."

"Basi mtoto wetu yuko wapi?"

Zuhra alifikiri, akichora kwa kijiti kwenye vumbi. "Ustadhi anasema Mungu akitaka kitu, anakiambia tu, 'Kuwa.' Nacho kinakuwa."

"Anakiambia kikiwa wapi? Kama hakipo, nani anasikia?"

Naikumbuka sura yake hadi leo, jinsi kijiti kilivyosimama. Baadaye, nikiwa mtu mzima, nimekuta kwamba wanazuoni wakubwa walilisumbukia swali hilohilo. Zuhra hakuwajua. Alisema tu, pole pole, "Lazima kuwe na kinachosikia. Hata kama ni kidogo sana."

Mama yake Zuhra ndiye pekee katika wote waliokuja kwetu ambaye hakusema si kitu. Alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, na alikuja siku moja na bakuli la uji, akaketi ukingoni mwa kitanda akiangalia mgongo wa mama. Mimi nilikuwa chini ya meza na vitabu vyangu.

"Mama Ndunge," alisema, "mimi nami nilipoteza mmoja kabla ya Zuhra. Sisi tunaambiwa mtoto kama huyo hampotei mama yake. Siku ya Kiyama atamshika kwa kamba ya kitovu chake amvute hadi peponi."

Shangazi alikuwa akiosha vyombo mlangoni. Akasimama, mikono ikidondoka maji. "Mama Zuhra, tafadhali. Hayo ni ya kwenu. Sisi kanisa letu halizungumzi hivyo. Ambaye hakupumua hakuwa mtu bado. Mwache apone."

"Samahani," Mama Zuhra akasema. Akauacha uji, akatoka.

Mama hakugeuka. Lakini niliona bega lake likisogea. Mimi nilifunua shati langu nikakitazama kitovu changu kwa hofu kubwa. Kilikuwa kimefungwa fundo. Nilijua sasa ni mwisho wa kamba, na kwamba ya mama haikukatwa; ilienda mahali, na upande wa pili kulikuwa na aliyeishika.

Siku chache baadaye shangazi alirudi Machakos, akiamini kazi yake imekwisha. Alasiri yake nilitoka shuleni nikamkuta mama amelala chali, macho yamefumba. Baba alikuwa kazini. Nikaona ndio wakati. Nilivua viatu nisimwamshe, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikaweka mdomo wangu karibu na tumbo lake ambalo lilikuwa limelegea kama gunia lililotolewa mahindi. Nikasema kwa sauti ya kuamuru, ile ambayo nilidhani Mungu huitumia:

"Kuwa."

Nikangoja. Nikaweka sikio. Hakukusikika kitu ila tumbo la mtu mwenye njaa. Nikasema tena, na safari hii mkono wa mama ukanishika kichwa.

"Unafanya nini?"

Nilidhani atanichapa. "Namwambia mtoto awe."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu, na kwa mara ya kwanza tangu arudi alionekana kuniona.

"Ndunge. Wewe ulimsikia? Akicheza?"

"Ndiyo. Alinipiga teke."

"Wapi?"

"Hapa." Nikamwonyesha sikio.

Aliligusa lile sikio kwa kidole, kama mtu anayekagua mshono. Kisha akaketi. Mimi niliogopa nikaanza kulia, lakini yeye hakuwa akilia. Alikuwa akisema, si kwangu hasa, "Wamenifanya nifikiri mimi ni mwendawazimu. Kila mtu, kila mtu. Nikaanza kufikiri labda kweli nilijaza tumbo upepo." Nikaelewa baadaye, miaka mingi baadaye, kilichokuwa kikimtokea siku zile za ukutani. Aliambiwa hakuna kitu mara nyingi hata akakosa mahali pa kuweka maumivu yake. Mtu haliliwi kama hakuwepo. Na mimi, na jino langu lililong'oka, nilikuwa mtu wa pekee duniani kumthibitishia kwamba yupo aliyekuwepo.

Asubuhi iliyofuata hakunipeleka shule. Alivaa gauni lake la kanisani, akanishika mkono, tukaenda kwa miguu hadi hospitalini. Tulipofika alisimama mbele ya kidirisha na kumwambia kijana aliyevaa koti la buluu lililopauka, "Nimekuja kumwona mtoto wangu."

Kijana akauliza jina, wodi, siku. Akaingia ndani, akakaa, akarudi na muuguzi mzee kidogo mwenye miwani.

"Mama, wewe si ulienda nyumbani?" muuguzi akasema. "Hapa hakuna kitu chako."

"Sikuja kuchukua kitu. Mtoto wangu mlimpeleka wapi?"

Muuguzi akanitazama mimi, akashusha sauti. "Wale ambao hawachukuliwi huzikwa na kaunsili. Kuna gari huja. Wanawekwa pamoja. Mzee wako alikubali, mama. Aliulizwa, akasema hamtamchukua. Hakukwambia?"

Mama alishika ukingo wa kidirisha.

"Alikubali," akasema.

"Pole, mama. Wengi hufanya hivyo. Ni afadhali."

Tulirudi kwa njia ileile. Aliniachia mkono akanishika kifundo cha mkono badala yake, kwa nguvu, na alama zilibaki. Tulipita karibu na vibanda vya wachongaji, nikasikia tezo zikigonga, lakini mama hakugeuza shingo.

Jioni alipika. Ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi, ugali na sukuma wiki, na baba alipoingia na kuona sufuria akatabasamu kwa namna iliyonitia uchungu hata mimi. Mama akamnawisha mikono, akampakulia. Akamngoja ale hadi sahani ikawa nusu.

"Baba Ndunge. Ulimwona?"

"Nani?"

"Usiniulize nani."

Baba akaweka tonge chini. Kwa majirani redio ilikuwa ikisoma habari.

"Wewe ulikuwa umepoteza damu," alisema. "Ulikuwa huna fahamu. Waliniambia wewe mwenyewe huenda usiamke. Nilimwendea mzee wa kanisa palepale wodini, alikuwa amekuja kuona mgonjwa wake, nikamuuliza tufanyeje. Akasema ambaye hakuvuta pumzi hana ibada ya mazishi. Sasa nikajiuliza, kama hana ibada, namzika nani? Nampeleka Ukambani niwaambie nimekuja na nini?"

"Sikukuuliza hayo. Nimeuliza ulimwona?"

"Nilimwona."

Mama aliniangalia mara moja, kana kwamba anafikiri anitoe nje, kisha akaniacha.

"Alikuwa nini?"

"Msichana."

Mama hakujua. Sisi sote hatukujua. Lugha yetu ilikuwa imemficha; siku zote zile tulisema mtoto, tukasema yeye, na hakuna aliyegundua kwamba kuna jambo hatujaliuliza. Msichana. Neno hilo liliingia chumbani kama mtu, na kwa mara ya kwanza mama akalia. Alilia akiwa ameketi wima, mikono mapajani. Baba naye alikuwa akizungumza kwa haraka sasa, kama aliyefunguliwa kamba shingoni.

"Walimleta kwenye shuka ya kijani. Wanaume wengine waliokuwa wakingoja walikataa kuangalia. Mimi nikafunua. Mama Ndunge, alikuwa na kucha. Mimi nachonga vidole vya tumbili kila siku, nikifika kwenye kucha nakwaruza tu kwa ncha ya kisu, maana nani ataziangalia. Zake zilikuwa zimemalizwa. Kila moja. Nikikaa kule kibandani sioni kingine."

"Na ukawaacha waseme hakukuwa na kitu. Ukamwacha dada yako abebe nguo zake."

"Nilidhani kama hakuna kitu, hakitakuuma."

"Kingeniumaje," mama akauliza, na hakupaza sauti, "kama hakuna kitu?"

Baba alinawa mikono. Akatoka akaketi barazani gizani, na mama akaondoa sahani yake ikiwa vilevile.

Singependa mdhani kwamba mambo yalinyooka baada ya hapo. Mama hakupata mtoto mwingine. Yeye na baba waliishi pamoja hadi baba alipofariki, kwa adabu, wakisaidiana, lakini kuna jambo lililobaki kati yao kama fanicha ambayo kila mtu amejifunza kuizunguka. Baba aliendelea kuchonga. Shangazi alikuja Krismasi, akapokewa, na blanketi la manjano halikutajwa. Mama sasa ni mzee, anakaa nami mtaa wa Umoja, na hazungumzii siku zile. Nami sijamwambia naandika.

Mimi nikawa mwalimu. Nafundisha Kiswahili na somo la dini katika shule ya upili, na kila mwaka tukifika kwenye uumbaji kuna mwanafunzi atainua mkono na kuuliza, kabla ya vyote kulikuwa na nini, na kama hakukuwa na kitu, hiyo hakuna ni nini. Najua majibu ya vitabuni. Wapo wanaosema ukishaitaja tu hakuna, umeshaifanya kuwa kitu. Wapo wanaosema Mungu alikuwepo, kwa hiyo hapajawahi kuwa patupu. Nayaandika ubaoni yote mawili. Lakini nikiwa peke yangu hufikiria jinsi lugha yetu inavyokataa. Hatuna neno moja tu la kusema kitu hakipo. Tunasema hakuna, tunasema hapana, tunasema hamna, na ndani ya kila moja mna mahali: huko, hapa, humu. Mswahili hawezi kukanusha kitu bila kuonyesha kidole mahali kinapokosekana. Sijui kama utupu mtupu unaweza kuwepo mahali fulani nje ya dunia. Ninachojua ni kwamba sijaukuta. Kila hakuna niliyoifikia ilikuwa na mahali pake, na aghalabu ilikuwa na mtu wake. Wala sisemi hilo linafariji. Kungekuwa na raha fulani katika kitu ambacho hakipo kabisa. Lakini kinachokosekana mahali pake, kukikosa hakuishi.

Nadhani hilo ndilo mama alilolitaka pia, mahali. Baada ya jioni ile ya ugali, baba aliuliza kwa watu wa kaunsili, akarudi akisema amepajua, na Jumamosi moja asubuhi tukaenda makaburini sote watatu. Mlinzi alikuwa mzee mwenye koti la mvua. Alitupeleka kupita misalaba na maua ya plastiki, hadi upande wa ua, akanyoosha mkono.

"Ni kuanzia pale hadi kwenye ule mti," akasema. "Hakuna alama."

Ilikuwa ardhi nyekundu tu, imetifuliwa, majani machache yakianza kuota. Mlinzi akatuacha. Mama alitembea hadi katikati, akasimama akiangalia chini, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, na nikaona hajui aangalie wapi.

"Niambie alivyokuwa," akamwambia baba.

Baba akavua kofia. Alisema masikio yake yalikuwa kama ya mama yake baba, yamelala. Alisema nywele zilikuwa nyingi, zimeshikana kwenye paji. Alisema kulikuwa na mkunjo kwenye kifundo cha mkono, kama uzi umefungwa pale. Mdomo ulikuwa wazi kidogo. Alikuwa mzito kuliko alivyotegemea.

"Endelea."

"Ngozi yake ilikuwa yako."

"Endelea."

Baba alifikiri, akiizungusha kofia mikononi. Nilimwona akitafuta, akirudi kule wodini, akifunua tena ile shuka.

"Hakuna kingine," akasema. "Nilimwona kwa muda mfupi."

Mama akatikisa kichwa kukubali. Halafu akauliza, "Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha?"

"Ilikuwa inanyesha sana."

"Basi ni Mumbua."

Hilo ndilo jina ambalo kwetu hupewa msichana aliyezaliwa wakati wa mvua. Mama akageukia ile ardhi, akakusanya mikono mdomoni, na akaliita. Hakuliita kwa upole wa makaburini. Aliliita kwa sauti ile ambayo kina mama wote wa Shauri Moyo waliitumia jioni, ya kumwita mtoto aliye mbali mchezoni aje ndani ale. Mlinzi aligeuka kule alikokuwa. Mama akashusha mikono akangoja, kichwa kimeinama upande mmoja. Baba akanyoosha mkono kumshika bega, kisha akaurudisha, naye akasimama kando yake, kofia kifuani, akangoja.